Kibanda Changu na Ukuta wa Mwokaji

Machi 2

Binti yangu amenipa daftari hili lenye tarehe. Mwaka uliochapwa juu yake ulishapita, kwa hiyo siku hazilingani, lakini malalamiko hayachagui siku. Kasema: "Baba, manung'uniko yako yaandike humu. Masikio yangu yamejaa." Shule niliiacha darasa la nne, baada ya mimi na mwalimu kuchokana siku moja. Atakayekuta kosa la herufi alisahihishe kimoyomoyo, apite.

Haya, lalamiko la kwanza. Mimi ni fundi wa miavuli. Nina kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, kimebanana na ukuta wa jirani yangu, mwokaji wa mikate. Humo nimenyoosha mbavu za miavuli tangu binti yangu hajaota meno, na sasa ananing'ata kwa meno hayohayo. Leo mumewe kaja na rundo la funguo alilolifunga uzi, kalining'iniza pembeni mwa ukuta, kafumba jicho moja, kasema: "Baba, ukuta huu umeinama. Mvua kubwa ikija utalala juu ya kibanda. Na wewe ukiwa ndani."

Huyu mkwe wangu anafundisha watu kuendesha gari. Gari lake la kazi lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na miaka yote ya kuikalia ile ya pili imemharibu. Hata akiwa kwenye kochi, mtu akipita haraka mbele yake mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu. Nimempa jina: Bwana Tahadhari.

Binti katoa hukumu palepale. Kibanda kihamie kona ya chini ya ua, karibu na tangi la maji, kabla ya mvua kubwa. Kisipohama, seremala atakuja kukivunja, nami nitakaa sebuleni niangalie televisheni kama mzee mwenye adabu. Miavuli inayochuruzika maji sebuleni haiingii, hilo kalisema mara mbili. Kwa hiyo kibanda kikifa, ufundi wangu nao tuuzike.

Machi 3

Ukuta haujainama. Nimeuangalia mwenyewe. Nikilaza kichwa kidogo hivi, umesimama wima kabisa.

Machi 5

Seremala kaja kutazama. Kagonga ubao mmoja, ukamwaga unga. Kagonga wa pili, akarudisha nyundo mfukoni.

"Mzee, hiki kibanda ukikifumua hakiwi kibanda tena. Misumari yote imeoza. Mbao zinashikana kwa mazoea tu."

Nikamwambia hata ndoa nyingi ziko hivyo na hakuna anayemwitia seremala. Yeye alicheka. Binti yangu hakucheka, na mumewe alitazama viatu vyake.

Basi imeeleweka: kihame kizima kizima, au kiwe kuni.

Machi 8

Kikao cha familia. Bwana Tahadhari katandaza karatasi mezani, kachora kibanda changu kikawa kama kiberiti chenye mshale. Kwanza tukitoe vitu vyote. Pili tukipige mbao za mshazari kwa ndani, kisije kikapinda. Tatu tukiinue kona moja moja kwa jeki ya gari. Nne tuingize mabomba ya chuma chini yake, kiteleze. Ua wetu unateremka kidogo kuelekea jikoni, kwa hiyo kamba ya mbele ni ya kukielekeza tu. Kazi kubwa ni ya kamba ya nyuma, ya kukizuia.

"Na hapa," kasema, akachora mstari mnene mbele ya ukuta wa jikoni, "tunalaza gogo. Kamba ikikatika, kibanda kitagota hapo."

"Kamba gani itakatika? Umenunua mpya."

"Ndiyo maana ya tahadhari, Baba. Unajiandaa kwa kile usichokiona."

"Mimi usichokiona nakiita hakipo."

Akaendelea. Mtu asisimame mbele ya kibanda. Mtu asiwe ndani. Mtu asiwe jikoni. Nikamuuliza kama kupumua kunaruhusiwa. Akafikiri kwanza, naapa, akafikiri, ndipo akajibu: "Kunaruhusiwa."

Machi 9

Hakuna kilichofanyika. Wingu moja, likapita kama mdaiwa.

Machi 11

Tumetoa vitu. Nilitaka nitoe peke yangu lakini binti yangu kaingia, na humo ndani kayakuta maisha yake yote yaliyopotea: chekecheo, kifuniko cha sufuria kubwa, mkasi wa kushonea, birika la wageni. Birika nilikuwa nalowekea ndani yake misumari yenye kutu.

"Baba! Hili birika nililitafuta mwaka mzima. Nikamshuku wifi yangu!"

"Ulimshuku bure. Mwombe radhi."

Miavuli ambayo wenyewe hawajaifuata imejaza korido yote. Bwana Tahadhari kaifunga mafungu mafungu na kuandika kibao, ati MTU ASIJIKWAE. Nimejikwaa kwenye kibao.

Machi 12

Mwokaji alikuja tucheze drafti kama kawaida yetu. Sisi wawili tumecheza drafti ndani ya kibanda kile miaka na miaka. Yeye hushinda, mimi huiba kete. Leo kakuta kibanda kitupu, akauliza kulikoni. Nikamweleza ukuta wake unavyosemwa.

"Ukuta wangu haujainama," akasema. "Ua wenu ndio umezama. Ukuta ule kaujenga marehemu baba kwa mikono yake."

"Ndiyo maana umepinda. Na yeye alikuwa hivyohivyo, akitembea unadhani anakata kona."

Ilikuwa utani. Mimi nimewatania watu wakiwa kwenye majeneza. Lakini alichukua kofia yake, akaondoka, na ubao wa drafti akauacha umepangwa.

Machi 15

Mvua ya kwanza, fupi. Niliingia kibandani kuisikiliza juu ya bati, kwa sababu mvua bila bati ni maji tu. Ndipo nikaona ubavu wa nyuma, ule uliokuwa umefichwa na rafu za miavuli. Mbao zimebonyea kwa ndani kama shavu la mtu mwenye tonge mdomoni. Nikazisukuma kwa bega. Hazikurudi hata unywele.

Nilikaa juu ya ndoo nikafikiri, jambo nisilolipenda. Ukuta ule haujainamia hewa. Umeinamia kibanda changu. Kumbe hiki kiberiti cha unga ndicho kimeubeba ukuta wa watu mgongoni, na mimi humo ndani nashona miavuli nikipiga mluzi.

Machi 16

Nikamwambia Bwana Tahadhari. Ningenyamaza ningefanya vizuri zaidi. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeona mwanafunzi akiingia barabara kuu kwa gia ya nyuma.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Kibanda tukikitoa, ukuta unaanguka. Ili usianguke lazima uegemezwe nguzo. Nguzo lazima zikae pale pale kilipo kibanda. Kibanda hatuwezi kukitoa mpaka nguzo ziingie, na nguzo haziwezi kuingia mpaka kibanda kitoke. Tumezunguka na jambo hili mezani mpaka chai ikapoa mara mbili.

Mwisho binti yangu kasema, "Si ukuta upunguzwe tu? Mwenyewe aufungue toka juu, tofali moja moja, kwa upande wake."

Wote wawili wakanigeukia mimi.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," binti kaongeza. "Nenda ukamwombe radhi, Baba."

Kumbe methali wanazijua, ila wanazihifadhi za kunipigia mimi.

Mkwe kakifunga kibanda kwa kufuli. Mtu haingii mpaka ukuta upungue.

Machi 18

Nilipanga foleni dukani kwa mwokaji. Akawahudumia walio mbele yangu, kisha walio nyuma yangu, kisha akafuta kaunta.

"Umekuja kununua mkate au kumtukana baba yangu?"

"Mkate kwanza."

Akanipa mkate wa jana.

Machi 19

Mkate wa jana, leo umekuwa tofali. Labda ndivyo baba yake alivyojenga ule ukuta.

Machi 20, 21

Mvua. Wateja watatu wamekuja na miavuli iliyogeuka makalio juu, wamekuta kufuli. Nimeushonea mmoja kwenye ngazi za nyuma, matone yakiniingia kisogoni. Yaani fundi wa miavuli ananyeshewa akitengeneza mwavuli. Nyinyi mtakaosoma, chekeni, mimi nimechoka.

Machi 22

Binti kasema seremala yuko tayari kuanzia wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Kasema huku akinimiminia chai, polepole, kwa sauti ya watu wa hospitali. Angenifokea ningejua pa kumshika.

Machi 24

Leo nina mengi.

Mchana mvua ilikuwa inanyesha kama kamba. Mwokaji akatokea ua wa nyuma, kashika mwavuli wake mweusi uliovunjika mbavu. Hakunisalimia. Akasema, "Nimekuja kama mteja. Hakuna fundi mwingine mtaa huu, angekuwepo ningekwenda kwake."

"Karibu," nikamwambia. "Kazi hii ni ya muda wa mchezo mmoja."

Mkwe alikuwa kazini, binti sokoni. Kufuli la mkwe lina funguo mbili, na mtu makini kama yeye huweka ule wa pili mahali panapoonekana. Nikafungua. Nikakirudisha ndani kiti changu mwenyewe, nikamkalisha mwokaji pale nyuma, mgongo kwenye lile shavu lililobonyea. Mimi nikakaa mlangoni. Nikapanga kete.

Alikuwa anashinda, kama kawaida. Mvua ikaongeza. Mbao nyuma yake zikalia, kama kitanda mtu anapogeuka. Akatazama juu.

"Nini hiyo?"

"Zamu yako."

Akasogeza kete. Zikalia tena, kwa sauti nene zaidi, na vumbi likamdondokea kwenye kofia. Halafu msumari ukachomoka wenyewe ubaoni, ukaruka, ukaanguka katikati ya drafti.

Mwokaji akautazama ule msumari. "Hii kete ya nani?"

"Ya baba yako," nikasema.

Akaugeuza mkono wake, akaweka kiganja kwenye ule ubavu, akausikia ukuta wake unavyosukuma. Mtu aliyekanda unga maisha yake yote anajua kitu kinachoumuka akikigusa. "Kesho naanza kuufungua," akasema. "Toka juu."

Hapo ndipo tuliposikia: "TOKENI!"

Mkwe wangu. Amerudi mapema sababu ya mvua. Kasimama katikati ya ua bila mwavuli, shati limemganda, uso hauna damu. Na mguu wake wa kulia unakanyaga tope, chwa, chwa, chwa, mwenyewe hajui.

"Tokeni humo! Baba, toka! Toka sasa hivi!"

Hajawahi kunipandishia sauti tangu amuoe binti yangu. Mwokaji alitoka mbio na kete mbili mkononi. Mimi nilitoka taratibu, nikiwa na utani tayari mdomoni, wa mtu anayefunga breki kwenye matope. Lakini alinishika mkono juu ya kiwiko, akanishika kwa nguvu mpaka tulipofika barazani, na huko hakuuachia.

Sauti ilikuwa imeshuka. "Baba," akasema, "kwenye gari nina breki yangu. Kwako sina."

Basi. Akaingia ndani kubadilisha shati.

Utani wangu niliubakiza mdomoni, ukanikaa kama punje ya mchanga. Mpaka saa hizi sijajua pa kuutemea.

Machi 25

Mwokaji kaanza kweli. Anapanda ngazi upande wake, anang'oa tofali, anashuka nalo, anapanda tena. Alinionyesha moja lina alama ya kidole gumba kwenye udongo, cha marehemu. Nilikuwa na neno zuri sana la kusema. Nikalimeza.

Machi 27

Tofali.

Machi 28

Tofali. Yule bwana anashuka na kila moja kama anabeba kitoto kichanga. Nimempelekea mwavuli wake, mbavu zote mpya, akanipa mkate wa leo.

Machi 30

Ukuta sasa unanifika kifuani. Mwokaji kasema mgongo unamuuma, hashushi tena, na Bwana Tahadhari kapima kwa funguo zake kasema tutajaribu hivyo, ila kwa uangalifu. Yaani siku zote hizi tulikuwa hatuko waangalifu!

Mazoezi. Nani watavuta? Wanafunzi wake. Kaja nao sita: msusi wa nywele, makarani wawili, muuza samaki, bibi harusi mtarajiwa na mwanamume mmoja mnene ambaye ameshafeli mtihani wa udereva mara nyingi akazoeana na mtahini. Wanajua amri za mkwe wangu tu, kwa hiyo ndizo anazotumia. "Tazama kioo!" maana yake angalia nyuma yako. "Gia ya kwanza!" vuta taratibu. "Breki!" wa kamba ya nyuma wachimbie visigino, washikilie. Wamefanya mazoezi na mkokoteni mtupu, na ulisimama kila alipowaambia. Nimecheka mpaka nikatafuta pa kushika. Lakini nimeona kitu: hakuna aliyemcheka yeye. Wanamwangalia kama watu walio mtoni wanavyomwangalia anayejua kuogelea.

Aprili 1

Mvua kutwa. Wanafunzi wana mtihani. Seremala kapita kusalimia. Salamu gani hizo za kupima mbao kwa macho?

Aprili 2

Mvua.

Aprili 3

Mvua. Binti yangu kasema kesho ndiyo mwisho, keshokutwa seremala. Nimemtengenezea chekecheo chake waya uliokatika. Kasema ahsante, lakini hukumu haikupungua.

Aprili 4

Kumekucha kukavu. Ardhi imelowa kama sponji lakini juu hakuna wingu. Wakaja wote sita. Yule mnene safari hii kafaulu mtihani na kaja hivyohivyo kwa furaha.

Jeki, kona ya kwanza. Kona ya pili. Kibanda kikalia, nami nikalia nacho ndani kwa ndani. Mbao za mshazari zikashika. Mabomba yakaingia. Mkwe kazunguka mara tatu, kagusa kila fundo la kamba. Kamtoa mke wake jikoni, akatoka na mwiko mkononi akiguna. Mimi kanikalisha barazani kwenye kiti, mbali, kisha akarudi akakisogeza kiti mbali zaidi, nami ndani yake, kama kabati. Sikusema kitu. Binti yangu alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

"Wote mmeona vioo? Gia ya kwanza. Taratibu, taratibu."

Kikatembea. Mimi nimeona mengi, lakini sijawahi kuona pango langu likiniacha, likitikisika mlango kama linaaga. Kikaenda hatua moja. Kikaenda nyingine. Kati ya mgongo wake na ukuta ukaonekana mwanga kwa mara ya kwanza.

Na ule ukuta uliobaki, ambao sasa haukuwa na pa kuegemea, ukaanza kuja.

Hatukusikia kitu. Uliinama tu toka chini kwenye udongo uliolowa, wote kwa pamoja, kama mzee anayetafuta kitanda gizani. Mkwe wangu aliuona kabla yetu sote. Akapiga ukelele neno lililo ndani ya mifupa yake:

"BREKI!"

Hapo wale wa kamba ya nyuma walipaswa kuchimba visigino na kushikilia. Lakini mkokoteni wa mazoezi haukuwa na ukuta unaoanguka nyuma yake. Walishtuka, na mtu aliyeshtuka hufanya alichofundishwa kwanza. Watu wanne kwa pamoja waliachia kamba na kukanyaga ardhi kwa mguu wa kulia. Chwa!

Kibanda kikaondoka. Juu ya mabomba, mteremkoni, kikiwa huru kama mbuzi aliyekata kamba. Nyuma yake ukuta ukalala, na matofali yakamwagika pale hasa ambapo kingekuwa kimesimama kama wangemtii. Moja lilikigonga kisigino. Moja tu. Wa kamba ya mbele walikuwa pembeni, kama walivyoamriwa, wakakitazama kikipita. Tangi la maji kililiacha kushoto bila hata salamu, kikaelekea jikoni kwetu, na jikoni hakukuwa na mtu. Kikaligota lile gogo.

Gogo. Lile nililolicheka mwezi mzima.

Kikasimama. Kikatikisika. Kikatulia, dirisha lake likitazamana na dirisha la jikoni, na kati yao mtu anaweza kupitisha kikombe.

Vumbi. Mwokaji kichwa chake kikatokea pale ulipokuwa ukuta, tunaonana kuanzia kofia mpaka viatu kwa mara ya kwanza bila mtu kuzunguka. "Jirani," akasema, "ua wenu kumbe haujazama."

Mkwe wangu alikuwa bado kasimama palepale, mguu wa kulia umezama topeni mpaka kwenye kifundo. Midomo ilikuwa inatembea, akihesabu watu. Alihesabu akarudia. Nikanyanyuka kwenye kiti changu cha mbali, nikaenda mpaka alipo, nikasimama mbele yake anione vizuri.

"Na mimi mmoja," nikamwambia. "Nipo, mwanangu."

Ndipo akautoa mguu. Kiatu kilibaki.

Aprili 5

Seremala kaja na nyundo zake. Kapewa chai, kaambiwa arudi nyumbani.

Aprili 7

Kikao cha familia. Bwana Tahadhari (nimemwomba ruhusa niendelee kumwita hivyo, kakubali) kasema kukisogeza kibanda toka dirishani hadi kwenye tangi kunahitaji mpango mpya: jeki, mabomba, mazoezi, na kungoja ardhi ikauke. Labda baada ya msimu. Kachukua karatasi, kaanza kuchora.

Binti yangu akamnyang'anya kalamu. "Kiache," akasema. "Kikae hapohapo."

Aprili 9

Kazi imerudi. Mvua, bati, koleo, uzi. Wateja wanapita mlango wa pembeni, miavuli inachuruzika kibandani na si sebuleni. Jioni mwokaji anaruka matofali ya baba yake na drafti kwapani, na binti yangu anatupitishia chai dirishani bila kutoka jikoni.

Leo kaniambia, akimenya vitunguu, "Baba, leo mbona kimya? Huna la kulalamika?"

Nilikuwa nalo. Nikamweleza habari ya mteja aliyeleta mwavuli wenye ubavu mmoja akitaka niujengee mwingine mzima juu yake, nikaendelea na hali ya uzi wa siku hizi, nikapitia mkate wa mwokaji, nikarudi kwenye ule utani wa matopeni uliokuwa umenikwama, nikausema kwa sauti, na huko sebuleni nikamsikia mumewe akicheka. Binti alisikiliza yote. Vitunguu viliisha akatafuta vingine.

Daftari hili lina kurasa nyingi safi zilizobaki. Nimezichana kidogo, nimeziba nazo nyufa za ubavu wa nyuma, upepo usinipate. Za kuandikia sizihitaji tena. Masikio yapo pale, umbali wa kikombe.